Jabali Jeupe la Pimbi

Wenye masikio mpo?

Tupo, midomo tumefunga.

Nitie chumvi?

Tia, isizidi.

Basi palikuwa na kilima cha chumvi, na kilima hicho kilikuwa cha pimbi. Tembo aliwahi kukikalia miaka mingi, akilamba chumvi na kuwaambia pimbi kwamba anawafundisha ustaarabu. Siku moja alichoka, akaondoka. Pimbi wakacheza ngoma siku tisa. Siku ya kumi wakasikia: tu, tu, tu. Kifaru.

Kifaru hakusalimu. Alikizunguka kilima akitawanya kinyesi chake kwa mateke, kama vifaru wafanyavyo wanapoweka mpaka.

"Kilima hiki kilikuwa cha babu yangu," akasema.

"Babu yako alizaliwa ng'ambo ya mto, akafia huko huko," akajibu Mwanakombo, pimbi mwenye ulimi usiolala.

"Alikuwa na nia ya kuvuka."

Pimbi wakafukuzwa hadi kwenye jabali lililo wazi, lisilo na pango wala ufa wa kujificha. Tai akafurahi. Juma la kwanza alichukua watatu.

Mwanakombo akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, Mjomba. Kifaru ametunyang'anya kilima, na Tai anatumaliza."

"Marahaba. Nimesikitika sana," akasema Nyati, akalamba midomo: mlap, mlap. "Lakini hayo ni mambo yenu ya ndani."

Midomo yake ilikuwa myeupe kwa chumvi. Kifaru alikuwa amempa Jumatatu na Alhamisi.

Akaenda kwa Twiga.

"Shikamoo, Shangazi. Umeona tulivyofanywa?"

"Marahaba. Niko juu sana, mwanangu, ya chini siyaoni." Mlap, mlap. Yeye alipewa Jumanne.

Akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Babu. Wewe ulitutawala. Sema neno moja tu."

"Nalaani kwa nguvu zangu zote," akasema Tembo kwa sauti ya chini, asije akasikika. Mlap, mlap. Jumapili ilikuwa yake.

Mwanakombo akarudi kwa wenzake. Hakulia.

"Tumekuwa tukisema na masikio yao," akawaambia. "Kumbe wale wanasikia kwa ulimi."

Sasa, pimbi wana desturi yao. Ukoo mzima hukojoa mahali pamoja, na mkojo ukikauka juu ya jiwe huacha ukoko mweupe. Ubavu mmoja wa jabali lile ulikuwa choo chao tangu enzi za mababu. Ulikuwa mweupe toka juu hadi chini, na jua likiupiga ulimetameta.

Kesho yake Mwanakombo akaweka walinzi. Pimbi ishirini huku, pimbi ishirini kule, wote wamekunja nyuso. Mchana wakasikia: tu, tu, tu.

"Mnalinda nini?" akauliza Kifaru.

"Hatulindi kitu, Bwana Mkubwa."

"Na ule weupe?"

"Urithi wa mababu tu. Kila pimbi huenda pale asubuhi na jioni, na hakuna anayetoka bila kusikia nafuu."

Kifaru akalitazama jabali. Lilikizidi kilima mara tatu.

"Nalitaka."

"Nasi twende wapi, Bwana Mkubwa? Labda utuachie kile kilima kidogo. Na uape barazani. Sisi wadogo, tutakuja kuonewa."

Kifaru akaapa mbele ya Nyati, Twiga na Tembo: kilima ni cha pimbi, jabali ni lake, leo na kesho. Wote wakashuhudia, kila mmoja akiwaza siku atakayopangiwa. Twiga siku hiyo aliona vizuri sana.

Saa ile ile pimbi wakarudi kwao, kila mama akawasukuma wanawe ndani ya nyufa. Tai akashuka kwa kasi, akagonga mwamba: pwaa.

Huku nyuma Kifaru akawakaribisha wageni wake jabalini. Wakalamba pamoja. Mlap.

Nyuso zikakunjika.

Nyati akatema. Twiga akatema. Tembo akaingia mtoni, akasukutua hadi maji yakapungua.

"Ni ladha ya kale," akasema Kifaru, akalamba tena, kwa kuwa alikuwa ameapa.

Mwanakombo alikuwa anawangoja wale watatu kilimani. "Karibuni," akasema. "Anayekuja kwa amani na alambe siku yoyote. Hapa hatuna Jumatatu wala Jumapili."

Jioni wakasikia: tu, tu, tu. Kifaru alikuja kukidai kilima chake. Akamkuta Nyati na kundi lake wamesimama chini ya kilima, pembe mbele.

"Mpaka ni mpaka, Bwana Kifaru," akasema Nyati. Mlap, mlap. "Sisi hatukubali mwenye nguvu amnyang'anye mnyonge."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Muulize Twiga."

"Niliona yote," akasema Twiga.

"Mimi nililaani," akasema Tembo, na safari hii alisikika hadi ng'ambo ya mto.

Kifaru akazitazama zile pembe. Akageuka. Mpaka leo analilinda jabali lake jeupe, na hakuna aliyewahi kuligombania.

Ngano nimeitua hapa, mwenye bega na aibebe. Na funzo lake ni hili: msema kweli hushinda daima, na majirani huitetea haki bila kuangalia tumbo. Asiyeamini akamuulize Nyati, akimaliza kulamba.