Watazamaji wa Upande wa Mahame

Tarumbeta halichagui sikio.

Nilimsikia dereva wenu akiwaambia neno hilo jana, mlipokuwa mkifunga vipaza sauti juu ya gari, kimoja kila upande, ili mashindano yenu ya matarumbeta yasikike wilaya nzima. Mkacheka. Leo mmekuja kuniuliza maana yake, maana mnaona bibi anayewapigia pasi magwanda hana kazi nyingine ila kuwahadithia. Haya, kaeni. Ila asinikalie mtu juu ya suruali nilizokwisha kuzinyoosha. Neno hilo lina mwanzo wake, na mwanzo wake ni huu.

Zamani, enzi za mashamba makubwa ya mkonge, mji wetu wa Kwamgogo ulikuwa na beni mbili. Beni haikuwa ngoma ya watoto. Ilikuwa ya watu wazima, wenye wake na kazi zao, waliovaa kofia za kijeshi na mikanda ya kung'aa, wakapiga matarumbeta na ngoma kubwa huku wakienda gwaride. Walikuwa na Jenerali wao, na masajini, na makoplo, na amri ikitolewa uwanjani ilitiiwa kama ya jeshi la kweli. Beni moja iliitwa Marashi, nyingine Saa Nane.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya kiangazi, kamba ilitandazwa katikati ya uwanja. Beni zote mbili zilipiga, kisha watazamaji wakaenda kusimama upande wa beni waipendayo. Waamuzi hawakutazama viatu wala kusikiliza midundo. Walitazama umati. Beni iliyokosa watu ilikunja bendera yake hapo hapo, ikavunjika, na jina lake halikupigiwa ngoma tena.

Jenerali wa Saa Nane alikuwa kinyozi mmoja jina lake Mbaruku. Beni ile ilianzishwa na marehemu baba yake, na yeye aliipenda kuliko kinywa chake. Mpiga tarumbeta wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Mhina, mtu mpole ambaye pumzi yake ilisifiwa mpaka stesheni za mbali. Mama yao, Bi Mwanakheri, aliishi na wote wawili katika nyumba moja.

Mwaka mmoja mambo yaliwaharibikia. Marashi walipata lori, wakawa wanazunguka stesheni kwa stesheni, shamba kwa shamba, wakirudi na watu wamejazana nyuma wakiimba. Umati wao ulikua kila Jumapili. Saa Nane walibaki wakitazamwa na shemeji zao, na hata hao walianza kuchungulia upande wa pili. Mbaruku alikonda. Alikuwa akimnyoa mtu huku macho yake yako barabarani, na wateja wakatoka na vichwa vya ajabu ajabu.

Sasa, palikuwa na desturi ya kupiga mwito. Jumapili baada ya adhuhuri, mpiga tarumbeta alipanda juu ya kichuguu kilicho pembeni mwa uwanja, akapiga kuelekea stesheni, akageuka akapiga kuelekea mashamba, akageuka tena akapiga kuelekea mtoni. Upande uliobaki hakupiga. Aliliweka tarumbeta kwapani, mdomo wake chini, akainamisha kichwa, akashuka. Upande huo ulikuwa Mahame. Enzi za mababu kilikuwapo kijiji huko. Ndui iliingia, ikaua watu wengi kuliko mikono ya kuwazika, na waliobaki wakahama bila hata kuaga. Ukiwauliza wazee kwa nini hapapigwi mwito upande ule, walikujibu tu kwamba hakuna mtu huko wa kuitwa.

Jumapili moja Mbaruku alimfuata mdogo wake pale kichuguuni.

"Leo utapiga na upande ule," alimwambia. "Ng'ambo ya Mahame, nyuma ya kilima, kumefunguliwa kambi mpya ya manamba wa kukata mkonge. Watu tele, na Marashi hawajawafikia."

"Kaka, upande ule hatupigi."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu siijui. Najua hatupigi."

"Wazee wenyewe wanasema hakuna mtu. Kama hakuna mtu, nani atasikia ila hao wa kambini?" Mbaruku akaivaa vizuri kofia yake, akasimama wima. "Koplo Mhina! Geuka! Piga!"

Na Mhina akageuka, akapiga. Kosa hilo ni la watu wa beni peke yao, wajukuu zangu. Mtu huvaa kofia ya Jenerali mpaka akasahau kwamba anayemwamrisha ni nduguye, na nduguye naye husahau kwamba anaweza kukataa.

Alasiri ile walikuja. Walitokea kwenye njia ya Mahame, wachache, wakasimama nyuma ya Saa Nane. Walikuwa wamevaa kaniki zilizopauka, wanaume kwa wanawake, na hawakuzungumza. Mbaruku alifurahi mno. Alisema manamba ni watu wa bara, wageni, hawajazoea, watachangamka. Jumapili iliyofuata Mhina akapiga tena, wakaja wengi zaidi. Na iliyofuata, zaidi tena.

Mnajua binadamu. Akiona watu wamejaa mahali, naye huenda kuona kuna nini. Watu wa stesheni waliposikia Saa Nane inatazamwa na umati usiokwisha, wakaanza kuja kwa treni. Watu wa mashambani wakaliacha lori la Marashi. Sifa za Saa Nane zikaenda mbali, na Mbaruku akanenepa upya. Wateja nao wakaanza kunyolewa sawasawa.

Wa kwanza kunung'unika alikuwa Mzee Feruzi, muuza kahawa. Alimwendea Mbaruku na birika lake mkononi.

"Jenerali, wale watu wako wa nyuma hawanywi kahawa. Nawapitia na vikombe, nawagongea, hata mmoja hanitazami. Jua lote hili, na sijamwona hata mmoja akijifuta jasho."

"Hawana kitu, mzee. Manamba hawajalipwa."

"Sawa. Lakini na vumbi nalo halijalipwa?"

Mbaruku hakumwelewa, au alijifanya hakumwelewa. Mzee Feruzi akamwonyesha. Beni ikichezwa, uwanja wote ulifuka vumbi jekundu mpaka magotini. Pale nyuma, walipojipanga wale wenye kaniki, ardhi ilikuwa imetulia kama sakafu ya chumba kilichofungwa.

Kuanzia siku hiyo Mbaruku akawa anatazama, ingawa hakutaka. Akaona kwamba muziki ukipigwa, wao husimama kimya. Muziki ukikoma, na watu wengine wote wakapumzika, ndipo wao huanza kuyumba, polepole, wote pamoja, kushoto na kulia, wakicheza ngoma ambayo imekwisha kunyamaza. Aliona pia kwamba hakuna anayewaona wakiondoka. Mtu akigeuka kumsalimu jirani yake, akigeuza macho tena, pale nyuma pamebaki majani tu. Akaogopa. Lakini aliiogopa zaidi ile kamba ya mwisho wa kiangazi, akanyamaza.

Asubuhi ya siku ya kamba, alikuja kinyozini mnyapara mmoja, mtu wa bara, jina lake Kasanda. Mhina alikuwapo, amekaa mlangoni analisugua tarumbeta lake. Mbaruku alipomtia sabuni mgeni, akamwuliza anatoka wapi.

"Kambi mpya, nyuma ya kilima."

"Ahaa! Basi karibu sana. Watu wako ni marafiki zetu wakubwa. Leo waje wote, ni siku ya kamba."

Kasanda akacheka. "Watu wangu? Watu wangu hawajaja kwenu hata siku moja, bwana. Jumapili tunalimishwa. Na hiyo ngoma yenu tunaisikia kwa sifa tu, kilima kinaizuia."

Wembe ukasimama shavuni. Mbaruku akamaliza kunyoa, na mgeni alipokwenda zake, ndugu wawili wakabaki peke yao.

"Nilijua," Mhina akasema. "Nikiwa juu ya kichuguu nawaona wanavyotoka. Hawatoki ng'ambo ya kilima, kaka. Wanatoka pale pale, kwenye magofu. Wananyanyuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningemwambia Jenerali?"

Mbaruku akakaa juu ya kiti chake cha kunyolea. "Leo ndio mwisho. Tukishinda leo, sitawaita tena."

"Kaka, tukishinda leo! Desturi unaijua. Beni iliyoshinda huwasindikiza watazamaji wake mpaka kwao, ikipiga, wakaipokee na kuikirimu. Watazamaji wetu wengi ni wa wapi? Tutawasindikiza wapi?" Mhina akamshika mkono. "Kunja bendera. Tuwape Marashi ushindi wao. Beni ni ngoma tu."

"Ni ya baba."

"Baba amekufa. Mimi ni mzima."

Nimewaza mara nyingi juu ya jibu hilo, na kila mara linanitia uchungu. Kama Mbaruku angelisikia vizuri, neno hili la leo lisingekuwapo. Lakini alisimama, akaiangua kofia yake ukutani.

Alasiri kamba ikatandazwa. Mhina hakupiga mwito upande wa Mahame siku ile, aliliweka tarumbeta kwapani kama zamani. Haikusaidia. Walikuja tu. Walikuja mpaka wakajaza upande wa Saa Nane wote, wakafika nyuma ya migomba, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, na watoto hao nao kimya. Waamuzi hawakuwa na haja ya kushauriana. Bendera ya Marashi ikakunjwa, watu wa mjini wakapiga vigelegele, Saa Nane! Saa Nane!

Kisha vigelegele vikafa. Kwa maana wale wenye kaniki safari hii hawakutoweka. Waligeuka wote pamoja kuelekea Mahame, wakaacha njia pana katikati yao, wakangoja.

Wapiga ngoma walitupa magongo, wakakimbia. Watu wa mjini walikimbia, wa Marashi walikimbia, hata waamuzi waliiacha kamba yao. Wakabaki ndugu wawili. Mbaruku akamnyang'anya Mhina tarumbeta, akalitia mdomoni, akapuliza. Ikatoka sauti ya kukwaruza, na hakuna aliyenyanyua mguu. Nyuso zote zile ziligeuka taratibu, zikamtazama Mhina.

"Wanaijua pumzi yangu," Mhina akasema. "Nipe."

"Nakuamuru usipige! Koplo! Nakuamuru!"

Mhina akalichukua tarumbeta mkononi mwa kaka yake bila kushindana. "Sasa niite Mhina," alimwambia.

"Mhina. Mdogo wangu. Nakuomba."

"Wageni huwezi kuwaita ukakataa kuwasindikiza. Waliopona ndui waliwahama bila kuaga, ndiyo maana wamekuja mbio kwa kuitwa mara moja. Mtunze mama."

Akaingia katikati yao akipiga. Wakamfuata, na vumbi halikutimka ila chini ya miguu yake yeye. Mbaruku alitaka kwenda naye, hakuthubutu. Alisimama juu ya kichuguu akisikiliza tarumbeta likienda, likienda, mpaka jua likazama, na hakusikia mahali lilipokoma.

Kesho yake wanaume walikwenda Mahame na mapanga. Walikuta alama za miguu ya mtu mmoja zikiingia katikati ya magofu. Za kutoka hazikuwapo.

Ilipofika Jumapili, baada ya adhuhuri, mji ukiwa umejifungia, tarumbeta likalia kutoka upande wa Mahame. Ulikuwa mwito, ule ule, kwa pumzi ile ile ambayo kila mtu Kwamgogo aliijua, na sasa ulielekezwa mjini. Bi Mwanakheri alikuwa akipepeta mchele uani. Akauweka ungo chini. Akajifunga kanga yake vizuri, ya kwenda safari, akatafuta viatu.

Mbaruku alimkamata mlangoni. "Mama, unakwenda wapi?"

"Mwanangu ananiita."

"Hakuiti wewe, mama! Mimi ndiye ninayeitwa. Mimi ndiye niliyekosa. Mwito huo ni wangu peke yangu!"

Yule mama akamtazama mwanawe mkubwa, bila hasira, jambo ambalo kwa Mbaruku lilikuwa zito kuliko matusi.

"Ulipowaita wa kambini, walisikia wa Mahame," alisema. "Tarumbeta halichagui sikio, mwanangu. Mimi nimesikia. Niache niende."

Hakumwacha. Alimkalisha sakafuni, akakaa nyuma yake, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili mpaka mwito ukaisha. Na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na kila Jumapili, mpaka Bi Mwanakheri alipofariki, mzee sana, kitandani kwake. Mbaruku hakupiga beni tena wala hakusafiri. Kila Jumapili baada ya adhuhuri, mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya masikio ya mama yake, na ya kwake hakuna aliyemzibia.

Basi nendeni mkamalize kufunga vipaza sauti vyenu, wajukuu zangu, na watu wa wilaya nzima waje, nami nitawaombea mshinde. Ila kabla hamjavigeuza kila upande, ulizeni kwanza kila upande kuna nani. Tarumbeta halichagui sikio.