Mchanga wa Bwana Feruzi

Bi Mize, mjane aliyeishi kwa kusuka mikeka, alirithi kwa babake haki ya kila kilichomo chini ya shamba moja katika nchi ya jirani, nchi ambayo hakupata kuikanyaga. Siku moja akamjia Bwana Feruzi, tajiri wa nchi hiyo, akimburura mbuzi.

"Bibi, niuzie haki yako kwa mbuzi huyu. Nakuonea huruma tu."

"Chini kuna nini, mwanangu?"

"Mchanga na mawe."

"Nasikia kuna mafuta."

"Uzushi! Nimechimba mwenyewe. Hata tone la kupaka kidole hakuna."

"Basi twende kwa kadhi. Usije kesho ukalia kuwa kikongwe kakuuzia mchanga."

Feruzi alicheka njia nzima. Kadhi akasema, "Kisichojulikana hakiuzwi. Taja unachonunua."

"Mchanga na mawe, bwana kadhi."

"Na mafuta?" akauliza Bi Mize kwa unyonge. "Aapishwe, asije akanidai."

"Wallahi, sinunui mafuta, kwa kuwa hayapo!" akaapa Feruzi, akiminya kicheko, na kadhi akayapitisha mauziano hayo.

Haukupita mwezi, mafuta yakafoka shambani. Feruzi alipofika na mapipa yake, alimkuta Bi Mize ameketi kando ya kisima pamoja na kadhi.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Mize. "Chukua mchanga wako wote, ila uupanguse vizuri. Umelowa mafuta yangu."