Kofia ya Mche wa Tango

Usililie kopo la matope, Namsemba. Mbegu zimeoza, basi zimeoza, na hutakuwa mkwe wa kwanza wa ukoo huu kuozesha matango. Sogea hapa mekoni. Nanyi majirani mliokuja kumpa pole, kaeni, maana kisa hiki kinawahusu kuliko mnavyodhani. Nitawaambia kwa nini mbegu ya tango hufungwa kwenye nguo kabla ya kuonja udongo, na kwa nini mche wake hutoka umeinama na kofia kichwani. Mimi sikuyaokota njiani haya. Nilipewa na mama mkwe wangu, naye hakuwa mtu wa kubahatisha.

Zamani hizo mche wa tango ulikuwa haumwinamii mtu. Ulichomoza kichwa juu, wima kama mchi. Na mlima wetu huu ulikuwa mkavu, una chemchemi moja tu, kule bondeni. Mwanamke akishuka na mtungi alfajiri, hurudi jua limeshakuwa kali. Kwa hiyo maji ndiyo yaliyokuwa heshima ya watu. Mgeni akifika alipewa maji kabla ya chakula, na mtoto akizaliwa kila nyumba ilimpelekea mama yake kata moja ya maji.

Mtu akipanda mbegu, majirani walikwenda kuisalimia vilevile. Walisema mbegu ni mgeni, na mgeni hapokelewi kwa mikono mitupu. Kila nyumba ilimimina kata yake. Mtama haukudhurika, kwa kuwa ulijaa shamba zima na maji yakapotelea humo. Lakini tango lilipandwa mashimo machache karibu na mlango, na heshima yote ya kijiji ikalishukia. Kijiji kilipokuwa na nyumba tano, matango yalistawi. Kilipofika nyumba arobaini, mbegu zikaanza kuoza.

Hakuna aliyeyalaumu maji. Nani alaumu heshima? Walimlaumu mpandaji. Walisema ana mkono wa baridi, mkono unaoua mbegu.

Basi palikuwa na mwanamke kijana aliyeolewa hapa, jina lake Nakiete. Alipanda matango mwaka wa kwanza, yakaoza. Akapanda mwaka wa pili, yakaoza. Mwaka wa tatu zilikuwa zimebaki mbegu kumi na moja tu mlima mzima, ndani ya kibuyu cha mama mkwe wake, juu ya dari penye moshi. Kiangazi chemchemi ikipungua, watoto walikata kiu kwa matango, kwa hiyo haya hayakuwa mambo ya mchezo. Mzee Sekiondo, mkuu wa ukoo, ambaye kata yake ndiyo iliyotangulia kumiminwa siku zote, alitamka mbele ya watu: "Hizi zikioza, Nakiete asiguse mbegu tena katika mlima huu." Na mwanamke asiyegusa mbegu hakuwa na shamba. Angekula kama mgeni nyumbani kwake mpaka siku ya kufa.

Nakiete aliogopa, lakini woga haukumfumba macho. Alikwenda kufukua mashimo ya mwaka uliopita, akayakuta yananuka kama chungu cha pombe kilichosahauliwa. Hapo akajua mbegu zake zilikufa kwa nini. Shida ni kwamba kuikataa kata ya mkubwa ilikuwa sawa na kumtemea mate.

Akachimba mashimo kumi na moja mlangoni, akayafukia matupu. Zile mbegu akazifunga katika pindo la kaniki yake, akalilowesha, akalikamua mpaka likaacha kudondosha, akalichomeka kiunoni. Wakaja watu na kata arobaini. Wakamwaga, akashukuru. Yeye akaendelea na kazi zake, akisaga, akipiga magoti mekoni, na pindo likikaribia kukauka alilinyunyizia matone kwa vidole. Alitamani kulifungua kila saa, lakini alijizuia. Siku ya tatu alipofungua fundo, kila mbegu ilikuwa imefunua mdomo na kutoa mkia mweupe, mfupi kuliko ukucha. Alilia kwa furaha peke yake, kama mwehu.

Watu walipokuwa chemchemini akazilaza nyuma ya jiko, kwenye udongo laini wenye joto, kina cha pingili moja ya kidole, akazifunika kidogo tu. Akarudi ndani, akaendelea kusaga.

Siku ya nne baadaye Mzee Sekiondo alipita nyuma ya jiko. Akauona udongo umepasuka mahali kumi na moja, ilhali mlangoni, alikomwaga maji yake, palikuwa tope tupu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nakiete! Maji yangu ulinimwagisha juu ya nini?"

Watu wakakusanyika. Nakiete akatoka. "Juu ya udongo mtupu, baba. Mbegu nilizificha. Niliogopa heshima yenu isije ikazizamisha tena."

Watu wakaguna. Sekiondo akainua fimbo yake ili atamke, na neno la mkuu wa ukoo likishatoka halirudi. Lakini mbegu zile zilikuwa zimelala siku tatu kiunoni mwa yule mwanamke, zikisikia pumzi zake, na zilijua zimtetee nani. Ndipo mche wa tango, ambao haukuwahi kumwinamia mtu, ukatoka ardhini umeinama. Miche yote kumi na moja ilichomoza shingo zimepinda, ganda la mbegu juu ya kichwa kama kofia, ikamwinamia Sekiondo kumwombea Nakiete msamaha.

Mzee akashusha fimbo. Alipenda heshima yule mzee, hilo nisifiche. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Wananiamkia, na kofia hawajavua!" Akainama, akaushika mche wa kwanza, akauvua kofia kwa vidole vyake. Kichwa kikatoka pamoja na kofia.

Nakiete hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa ni kumi, baba."

Mzee Sekiondo akakitazama kile kipande kiganjani kwa muda mrefu. Aliona haya, na haya ile ilimfaa. Akavua kofia yake mwenyewe, akakaa chini kwenye udongo, akangoja, na watu wote wakangoja naye. Jua lilipoipasha shingo ile miche, mmoja ukadondosha kofia yake, ukafungua majani mawili, ukasimama. Ukafuata wa pili, mpaka yote kumi.

"Kumbe mkono uliokuwa ukiua," mzee akasema, "ni huu wangu."

Mwaka ule watoto walikula matango mpaka wakayachoka. Na waliomwita Nakiete mkono wa baridi walipanga foleni mlangoni kuomba mbegu, naye akamfungia kila mmoja kwenye pindo la nguo yake. Sikuambiwa kama aliwatania. Mimi ningewatania.

Na tangu siku hiyo mbegu ya tango haitupwi ardhini ikiwa kavu. Hulala kwanza kwenye nguo mbichi iliyokamuliwa, penye joto, na hakuna anayeifunua kabla ya siku ya tatu. Tangu siku hiyo mche wake hutoka umeinama na kofia kichwani, na hakuna anayeuvua. Na jirani akija kuisalimia mbegu, kata yake huimimina kwenye mtungi wa mwenye nyumba, atumie mwenyewe atakavyoona.

Sasa, Namsemba, nipe mkono wako. Mbona una joto? Hizi hapa mbegu saba. Lowesha pindo, likamue vizuri, kaza fundo. Nanyi majirani, nimeyaona madumu yenu pale nje. Mtungi uko kule pembeni.