Matawi ya Mkwaju Kizimbani kwa Johari

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakikaa majumbani, wakifagia nyua zao na kuazimana chumvi, Kiboko alikuwa na nyumba kubwa karibu na mto. Alikuwa na mali ya kutosha, lakini mchoyo, mchoyo hasa! Embe likianguka uani kwake, heri lioze pale pale kuliko mtoto wa jirani aliokote.

Barazani kwake kilisimama kizimba cha mianzi, kirefu kumpita yeye mwenyewe, na ndani yake alikaa nyoka. Alikuwa ukukwi, yule nyoka mwembamba wa kijani, na jina lake Johari. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyefuga nyoka. Kwa hiyo wageni wakija, Kiboko aliwapeleka kwanza kizimbani wakashangae, kisha ndipo akawaonyesha pa kukaa.

Aliyemleta Johari katika nyumba ile ni Kindi, jirani yao. Alimwokota angali mdogo kama uzi, mahali palipoungua moto, akamwonea huruma. Tundu la Kindi, juu ya mfenesi, lilikuwa finyu na lilijaa watoto. Basi akampeleka kwa Bi Saumu, mke wa Kiboko, mama mwenye moyo mzuri. Tangu hapo Kindi hakumsahau. Kila adhuhuri Kiboko alipokwenda mtoni kujitumbukiza, chubwi! Kindi alishuka mtini kumjulia hali rafiki yake.

Siku moja alimkuta Johari amelala sakafuni kama kamba iliyotupwa. Rangi imefifia. Macho meupe, kama yaliyopakwa maziwa.

"Johari! We Johari! Umekuwaje?"

"Gamba limekataa kuvuka, dada," alijibu Johari kwa sauti ndogo. "Sina pa kujisugulia. Mianzi inateleza, sakafu ina majimaji. Nikila, chakula kinarudi. Sisi ukukwi ni watu wa matawini, dada Kindi, na mimi tangu niletwe hapa sijashika hata tawi moja."

Kindi mwenyewe asipopanda mti tangu asubuhi mpaka mchana, miguu humwasha. Ndiye aliyemleta Johari hapa. Alidhani amemtafutia kwao.

Hakwenda nyumbani. Alikaa barazani akamsubiri Kiboko mpaka aliporudi, anachuruzika maji.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu. Nimekuja kwa ajili ya Johari. Mtilie matawi kizimbani, apande, ajisugue. Anaumwa."

Kiboko alicheka, ho! ho! ho! mpaka vikombe vikagongana kabatini.

"Apande? Nyoka hana mikono, hana miguu. Apande kwa nini, kwa ndevu? Nyoka ni wa kutambaa chini, Kindi. Hata mtoto anajua."

"Lakini, bwana mkubwa, akiendelea hivi atakufa!"

"Hafi mikononi mwangu. Nguchiro amemtaka, ananipa mtungi mpya. Ijumaa kama bado amelala hivyo, namtoa."

Nguchiro! Nani asiyejua Nguchiro huwafanya nini nyoka? Si kuwafuga.

"Lakini mume wangu," Bi Saumu alisema kutoka mlangoni, "yule tumemlea sisi tangu mdogo..."

"Nyoka ni wangu, mama. Usinifundishe kazi."

Kindi alirudi mtini. Watoto wakamuuliza, "Mama, mbona huli?" Alikuwa akijiuliza afanyeje. Kizimba kina mlango mzito, hawezi kuufungua. Matawi ya kumfaa Johari ni mazito, hawezi kuyabeba. Kiboko anaweza yote mawili, lakini ukimwomba kitu, ndipo anapokishika kwa nguvu zaidi.

Hapo Kindi akanyanyua kichwa. Kumbe!

Kesho yake ulivuma upepo mkali. Mkwaju mkavu uliokuwa uani kwa Kiboko ukaanguka, puuu! Matawi yakatapakaa. Upepo ulipotulia Kiboko alitoka na shoka, akayakatakata, akayapanga lundo. Hakujua atayafanyia nini. Alijua tu ni yake.

Kindi akaja na kamba begani.

"Pole na mti, bwana mkubwa! Sasa matawi haya huna kazi nayo. Nipe mimi."

"Nani kakwambia sina kazi nayo?"

"Una kazi gani?"

Kiboko alifikiri. Akafikiri tena. "Yangu!" akasema.

"Haya basi. Usiponipa, nitajichukulia."

"Nini?" Kiboko aliwaka. "Utaniibia mimi?"

"Si yote. Yale yenye magome ya kukwaruza tu, unene wa mkia wangu. Hayo ndiyo nayataka hasa."

"Nitayaweka juu ya paa!"

"Mimi? Paa? Nitapanda."

"Nitayafungia stoo!"

"Nitapita chini ya mlango."

"Nitayatia uvunguni mwa kitanda changu!"

"Nawe ukiwa mtoni mimi napita dirishani. Popote utakapoyaweka, bwana mkubwa, nitayafuata. Popote, isipokuwa..."

Kindi akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Isipokuwa wapi?" aliuliza Kiboko.

"Sikusema kitu."

"Umesema! Isipokuwa wapi?"

"Nilikuwa nakohoa tu. Kho! Kho!" Lakini macho yake yalikwenda barazani kidogo, yakarudi haraka.

Kiboko akayafuata macho yale. Akaona kizimba. Uso mzima ukamchanua.

"Ahaa! Unamwogopa nyoka!"

"Nimwogope Johari? Nilimleta mimi mwenyewe!"

"Ulimleta akiwa uzi. Sasa ni kamba. Mbona unatetemeka?"

Kindi akatetemeka zaidi. "Bwana mkubwa, nakuomba. Uvunguni ni pazuri. Hata stoo ni pazuri!"

Kiboko hakumsikiliza. Aliufungua mlango wa kizimba, akakumba lundo zima, akalitupa ndani. Kwacha! Kwacha! Johari aliponea chupuchupu, akajibanza pembeni. Kiboko akafunga mlango, akakung'uta mikono, akaenda zake kulala.

Kindi alichungulia. Hapana. Matawi yalilala chini kama kuni, Johari akiwa nyuma yake, hana hata pa kugeuka. Hivi ni vibaya kuliko mwanzo.

Basi akaukamata ubavu wa kizimba, akapenyeza mkono, akashika ncha ya tawi moja, akalivuta. Krrr! Krrr! Kwa makusudi, tena kwa kelele.

"Mwizi!" Kiboko alitoka mbio, sakafu ikatikisika.

Kindi aliruka juu ya ukuta. "Ahsante, bwana mkubwa! Umeyalaza ovyo, ncha zinanifikia zenyewe. Sihitaji hata kuingia."

"Utaona!"

Kiboko akaingia kizimbani. Alichukua tawi la kwanza akalipachika kutoka pembe hii mpaka pembe ile, akalisukuma kwa bega mpaka mianzi ikalia. La pili akalipitisha juu yake. La tatu akalikingamisha.

"Usiyakaze hivyo, jamani!" Kindi alipiga kelele ukutani. "Nitayang'oaje?"

Kiboko akatafuta kamba, akayafunga kila yalipokutana, akayavuta kuona kama yanacheza. Hayakucheza.

"Angalau usiyapandishe kule juu! Kule jua linapiga, mimi linanichoma macho!"

Kiboko akayapandisha kule juu.

"Basi tia manene peke yake! Yale membamba niachie, bwana, niachie mimi maskini!"

Membamba nayo yakaingia, na moja lenye panda akalifunga mahali jua la asubuhi lilipofika. Jasho lilimtiririka. Alipotoka, kizimba kilikuwa kimejaa njia za kupandia, kutoka sakafuni mpaka darini.

Bi Saumu alikuwa mlangoni muda wote. Alimtazama mumewe, akamtazama Kindi, akaelewa. Aling'ata upindo wa kanga yake, akaingia jikoni haraka kabla kicheko hakijamtoka.

Kiboko alipokwenda mtoni, Kindi alishuka.

"Johari. Panda."

"Sijui kupanda, dada."

"Utajua. Jizungushe."

Johari alijizungusha kwenye tawi la chini. Akapanda kidogo, akateleza, pu! Johari akapumzika, akajaribu tena. Safari hii akalibana tawi kwa mkia, akanyoosha shingo, akalifikia la pili. Tawi halikutikisika hata kidogo, maana Kiboko ndiye aliyelikaza. Huko juu, kwenye gome la kukwaruza, akaanza kusugua kidevu. Sss, sss, sss. Gamba likachanika mdomoni, likaanza kuvuka taratibu kama soksi.

Kindi alikaa pale hadi macho ya Johari yakaonekana tena, meusi, yanang'aa. Akafuta machozi kwa mkia, akaenda kulisha watoto wake.

Ijumaa Nguchiro alifika, mtungi kichwani, ameshalamba midomo.

"Hodi! Yuko wapi mgonjwa wetu?"

Kiboko alimwongoza barazani. Wakasimama wote wawili. Johari alikuwa juu kabisa kwenye panda, anaota jua, kijani mbichi, tumbo limejaa. Alimwona Nguchiro akaachama. Ssssss!

Nguchiro akarudi nyuma, mtungi ukamponyoka, pwaa! Vigae vikatawanyika.

"Huyu si mgonjwa!" akasema. "Nani kamtilia matawi?"

"Mimi," alisema Kiboko. "Nimeyaficha humo ili Kindi asiniibie."

Nguchiro alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. Alikuwa na hasira ya mtungi wake, hakutaka kunyamaza.

"Kindi akuibie matawi? Kindi anakaa juu ya mfenesi mzima, bwana wee! Matawi yako makavu ya nini?"

Kiboko akainua kichwa. Aliuona mfenesi, matawi yake yametanda mpaka juu ya paa lake. Na pale tunduni, pua ndogo inachungulia.

"Kindi!" Sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya mto. "Umenichezea!"

"Sikukwambia utie, bwana mkubwa," Kindi alijibu kutoka juu. "Mimi nilikukataza."

Kiboko alitia mkono kizimbani, akashika tawi moja akalivuta. Halikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, akakaza mguu ukutani. Kizimba kizima kikalia, lakini fundo lake mwenyewe halikulegea.

"Vuta, mume wangu," alisema Bi Saumu. "Kizimba kikivunjika Johari aende zake, na mtungi ndio huo chini. Tubaki mikono mitupu."

Kelele zile zilikuwa zimeshawaita majirani. Pundamilia alikuja, Nyani akaja, Mama Kanga na wanawe wakaja. Wote walisimama wakimtazama Johari akipita tawi hili, akishuka lile, akining'inia kwa mkia.

"Lo! Sijapata kuona nyoka akifugwa hivi," alisema Pundamilia. "Ni akili ya nani hii, Bwana Kiboko?"

Kiboko alikuwa bado ameshika tawi. Alimtazama Pundamilia. Alimtazama Kindi kule juu. Kisha mkono wake ukaliachia tawi, ukalipapasa, kana kwamba anaangalia kama limekaa sawasawa.

"Yangu," akasema. "Ni akili yangu."

Na ikawa yake. Johari akakaa kizimbani mle akanenepa, na matawi hayakutolewa tena.

Nanyi, watoto wangu, mkitaka mchoyo atende jema, msimwombe alitoe; mwacheni adhani anawanyima.