Kwa Nini Bibi Huachama Asubuhi ya Sikukuu

Hapo kale watu wa vilima vya Kwesanga hawakunywa uji siku ya sikukuu. Uji ulikuwa chakula cha mgonjwa, cha mama aliyejifungua na cha mtoto ambaye hajaota meno. Ulipikwa kwa unga wa ulezi na maji matupu, ukatiwa chumvi mpishi akikumbuka, ukanywewa kimyakimya. Mtu mzima akionekana na kibuyu cha uji mkononi, aliulizwa anaumwa nini. Nyinyi mliokaa hapa mnanusa chungu kile na kumeza mate, mngezaliwa zama zile mngekikimbia.

Siku ya sikukuu ya mavuno watu walikula mkate, na ulikuwa mkate hasa. Unga wa ulezi mpya ulikandwa kwa ndizi mbivu, asali, karanga za kukaanga na tangawizi. Ukafungwa kwa majani ya mgomba, ukafukiwa kwenye majivu ya moto hadi ukaiva, kisha ukawekwa kichanjani juu ya meko ili ukauke kwa moshi mpaka sikukuu ifike. Kila kitu kizuri walichokuwa nacho kiliingia mle.

Tatizo ni kwamba waliamini mkate ukiwa mgumu, mavuno yajayo yatakuwa mengi. Basi akina mama wakashindana. Huyu akiuacha mkate wake kichanjani tangu mwezi uandame, jirani yake aliuweka mwezi kabla ya huo. Wakafika mahali mkate ukidondoka, watu waliinama kuangalia kama sakafu imepona. Sifa zikamwendea mwenye mkate mgumu kuliko wote, na hakuna aliyejiuliza nani atautafuna.

Wa kuutafuna alikuwepo. Alikuwa mwanamke mkongwe kuliko wote pale kilimani. Asubuhi ya sikukuu, baragumu likishalia, aliketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, akaletewa mkate wa nyumba yake, akauuma mbele ya watu wote. Watu walinyamaza wausikie ukivunjika. Ukivunjika, alitamka, "Mwaka umeingia," ndipo wengine wakala. Akishindwa, aliinuliwa kwa heshima zote, kigoda akapewa anayemfuata kwa umri, na yeye akapelekwa nyuma ya ghala kukaa na wagonjwa na kunywa uji wa chumvi. Jina lake halikutajwa tena kwenye dua za mavuno. Walisema wanampumzisha. Waliopumzishwa hivyo hawakudumu.

Katika mwaka huu tunaousimulia, mwenye kigoda alikuwa Bi Namkunda. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na ulimi wake ulimkuta kila mtu. Mjukuu wake Kiondo, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, alimwita mume wangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wao. Kwa hiyo Kiondo alipooa, Bi Namkunda alisimama mlangoni na kulalamika mbele ya wageni kwamba ameletewa mke mwenza uzeeni bila kuulizwa. Bibi harusi, jina lake Nakijwa, alicheka mpaka akasahau kulia. Alikuwa ametoka ng'ambo ya bonde, hana mama wala dada, na utani ule ndio uliomfanya ahisi kwamba amefika nyumbani. Tangu siku ile alimpenda yule bibi kuliko alivyojua kusema.

Sikukuu ilipokaribia, Bi Namkunda alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Alipolitoa kinywani, jino lake la mwisho lilibaki kwenye hindi. Kumbe miaka mingi alikuwa anauvunja mkate kwa jino hilo moja, kwa ufundi ambao hakumwonyesha mtu. Alilifunga kwa jani, akalifukia chini ya mgomba, akaingia jikoni.

"Mke mwenzangu," alimwambia Nakijwa, "mume wetu usimwambie. Nimebaki fizi."

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani, akaketi akatazama ukuta. Tangu hapo hakula. Akiletewa chakula alisema hana njaa. Nakijwa alipombembeleza, alimwambia kwamba anajizoeza ukaaji wa nyuma ya ghala. Akamkumbuka Bi Naetwe, aliyekuwa mwenye kigoda kabla yake na shoga yake wa tangu usichana. Bi Naetwe alipelekwa nyuma ya ghala wakati wa mavuno, na mvua za masika hazikumkuta. "Nilikikalia kigoda chake kikiwa bado na joto," alisema, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Nakijwa aliutazama mkate kichanjani na moyo ukamuuma. Ulikuwa mkate mgumu kuliko yote kilimani, na aliyeufanya hivyo ni yeye. Kwa kuwa alikuwa mke mgeni mwenye kutaka kusifiwa, aliuweka mapema kuliko wote, mahali penye moshi mkali kuliko pote. Majirani walikuwa wanakuja kuugonga kwa vidole na kumpongeza. Sasa kila pongezi ilimrudia kama kofi.

Akajaribu kuulainisha. Aliufunika kwa majani mabichi, ukayakausha majani. Akaushikilia juu ya mvuke, ukatoa jasho nje na ndani ukabaki vilevile. Mkesha wa sikukuu akautumbukiza kwenye chungu cha maziwa, akauacha humo hadi alfajiri. Maziwa yakawa matamu, nayo baridi ya kilimani ikayatunza yasichache, lakini mkate ulitoka ukiwa jiwe lililooga.

Kukipambazuka, alipeleka mkate kwenye kinu. Alitaka kuumega ukingo tu, apate kipande chembamba ambacho bibi angekiweka ulimini na kukivunja kwa ujanja. Aliupiga mchi, ukateleza. Akaupiga tena, ukateleza. Hapo hasira ikampanda, hasira ya mkate na ya nafsi yake, akatwanga huku analia. Mkate ukapasuka wote kwa mara moja, naye hakuacha kutwanga. Alipotulia na kuangalia ndani ya kinu, hakuona ukingo wala kipande. Aliona unga.

Sasa fikirini hali yake. Mlio wa mchi umekwenda kila nyumba, na asubuhi ya sikukuu hapakuwa na mtu aliyetwanga. Bibi hana jino, na sasa hana hata mkate wa kushindwa kuuma. Mtu mwingine angekimbilia kwao ng'ambo ya bonde. Nakijwa alikaa chini kando ya kinu akifuta macho, na hapo ndipo harufu ilipomfikia. Asali, ndizi, karanga na tangawizi, vyote vilivyokuwa vimefungiwa katika ule ugumu, vilikuwa vinatoka. Akauchovya ulimi ungani. Ulikuwa mtamu mno.

Mtu asiye na meno hupikiwa uji. Hilo hata mtoto alilijua. Basi Nakijwa alibandika chungu, akamimina yale maziwa yaliyolala na mkate, akanyunyiza ule unga kidogo kidogo huku anakoroga. Uji ukawa mzito, rangi yake kama udongo wa shamba uliolowa. Tangawizi ikaamka. Akaponda ndizi mbivu ya siku hiyo akaichanganya humo, akatwanga karanga nyingine zikawa laini, akamalizia kwa asali aliyoirina Kiondo. Hakuwa anafanya hila yoyote. Alikuwa anampikia mtu anayempenda, na ninavyoona mimi, ndiyo maana hakukosea hata kipimo kimoja.

Akakibeba chungu, akakitua uwanjani, na harufu ikaenda mbali kuliko mlio wa mchi. Watu walifika uwanjani kabla baragumu halijalia, wengine hawajanawa uso. Mzee Mashombo, aliyekuwa mlinzi wa desturi, alifika amekunja uso, akachungulia chunguni, akauliza mkate uko wapi.

Nakijwa alisimama na mwiko mkononi.

"Umo humu wote, Mzee," alisema. "Hakuna kilichopungua ila ugumu."

Mzee Mashombo hakupendezwa. Alisema uji siku ya sikukuu ni kuita maradhi, na kwamba kama nyumba ya Bi Namkunda haina mkate, basi Bi Mbazi, anayemfuata kwa umri, aje na wake akalie kigoda. Bi Mbazi akasogea mbele polepole, mkate wake mkononi. Watu walianza kunong'ona. Kiondo, ambaye mpaka hapo hakujua lolote, alimtazama mkewe akitafuta maelezo.

Ndipo Bi Namkunda akatoka ndani. Hakusubiri kuitwa. Alimshika Kiondo mkono, akatembea hadi kwenye kigoda, akaketi, akaachama. Aliachama kinywa chote, akageuza kichwa huku na huku taratibu, mpaka hata waliosimama mwisho kabisa wa uwanja wakaona fizi tupu. Jambo alilolificha chini ya mgomba alilionyesha kilima kizima, na mimi kila nikifika hapa namvulia kofia bibi yule. Kisha binti mdogo aliyebebwa mgongoni na dada yake, meno yake ya mbele yakiwa yameng'oka juzi tu, akacheka kwa sauti na kumwachamia naye. Bi Namkunda akamkonyeza.

"Meno yamekwisha," aliwaambia watu. "Ulimi ninao. Kazi yangu ni kuwaambia kama mwaka ni mtamu, na utamu sikuwahi kuujua kwa meno."

Mzee Mashombo alimgeukia Bi Mbazi. Bi Mbazi akaupeleka mkate kinywani, akaushusha, akauangalia. Halafu akauweka chini na kusema kwamba gego lake limemnyima usingizi tangu masika, na kwamba anaomba naye apewe uji. Baada yake mwanamume mmoja akakiri kwamba mkate wa mwaka jana ulimpasua jino. Mwingine akasema yeye huunyonya tu. Kumbe watu wazima kilima kizima walikuwa wanaogopa sikukuu yao wenyewe. Inasimuliwa kwamba hata Mzee Mashombo hakuwa ameumeza ule mkate tangu aanze kuota mvi. Aliuficha shavuni, akifika kwake akampa mbwa, naye mbwa akaufukia. Siku hiyo alilishika shavu lake, akakohoa, akampisha Nakijwa.

Nakijwa akachota kata ya kwanza, akaitia kibuyuni, akapiga goti, akampa bibi kwa mikono miwili. Watu walisikiliza kama walivyozoea kusikiliza mkate ukivunjika, na safari hii walichosikia ni mkongwe mmoja akimeza. Bi Namkunda akafumba macho. Alikunywa tena, akataja ndizi ya bonde la chini, akataja asali ya mume wake, akataja tangawizi aliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kisha machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

"Miaka yote hii niliuma," alisema. "Nilikuwa naliogopea jino, sikujua hata mkate una ladha gani. Leo ndiyo nimekula." Akamvuta Nakijwa akae karibu naye, akanyanyua uso. "Mwaka umeingia."

Hapo akina mama walitawanyika mbio, kila mmoja na mkate wake, na muda si muda michi ikasikika kilima kizima, nyumba hadi nyumba. Waliokuwa nyuma ya ghala waliletwa mbele wakaketishwa karibu na chungu. Mwaka uliofuata ghala lenyewe lilijengwa upya, na nyuma yake wakapanda migomba ili pasiwe na mahali pa kumkalisha mtu. Bi Namkunda alibaki kwenye kigoda sikukuu nyingi baadaye, anakula, ananenepa kidogo, na kumwambia kila mgeni kwamba mke mwenza wake ndiye aliyemwokoa yeye pamoja na nyumba ya mume wao. Alipofariki jina lake liliendelea kutajwa kwenye dua za mavuno, na la Bi Naetwe likarudishwa mbele yake, maana yeye mwenyewe aliagiza hivyo.

Na tangu siku hiyo, asubuhi ya sikukuu hapa kwetu huanza na uji, nao hutiwa kila kitu ambacho zamani kilitiwa mkateni. Ndiyo sababu alfajiri mnasikia mchi na hakuna anayeuficha mlio wake. Ndiyo sababu watoto wenye mapengo huketishwa karibu na bibi na kupata kibuyu cha pili. Na ndiyo sababu bibi, awe na meno yote au hana hata moja, huachama kwanza mbele yetu bila aibu, nasi tunacheka naye. Kisha mpishi hupiga goti, humkabidhi kibuyu kwa mikono miwili, na kumwambia maneno yaleyale ambayo Nakijwa aliyasema akiwa na mwiko mkononi: umo humu wote, hakuna kilichopungua ila ugumu.