Kifuu cha Jasho la Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kimbwera, ambao leo ukiuliza njia yake utachekwa, alikuwako fundi mmoja aitwaye Shomari, na watu walimwongezea jina la Kiraka kwa sababu kanzu yake ilikuwa na viraka vingi hata kanzu yenyewe haionekani. Kazi yake ilikuwa kuunga vilivyovunjika. Ukimpelekea kinu kilichopasuka, au mlango uliogoma kufungwa, alikuketisha, akakupigia porojo, na porojo ilipokwisha chombo kilikuwa kimepona. Hakuwa na mbele wala nyuma, maana watu wa Kimbwera walimlipa ndizi na shukurani. Ila alikuwa na nyumba ya makuti aliyoachiwa na marehemu baba yake, na ndani yake alikuwa na mke, Mwatime, naye aliipenda nyumba ile kuliko watu wengine wanavyopenda majumba ya ghorofa, ingawa mvua iliponyesha alipika akiwa na sinia kichwani.

"Fundi wa mji mzima," Mwatime humwambia, "hivi paa langu liko mji mwingine?"

"Kesho, mke wangu."

"Kesho ipi? Ile uliyoniahidi Ramadhani, au ile ya kabla yake?"

Basi Shomari hukohoa, akachukua tezo yake, akatoka kwenda kuunga vya watu.

Na mji wenyewe ulikuwa umechakaa vibaya. Tangu enzi za babu yake Sultani ilikuwako desturi ya msaragambo: kila Jumamosi mbiu hupigwa, watu wote wakatoka kutengeneza kisima, daraja na barabara, na Sultani akiwa wa kwanza kushika jembe. Lakini huyu Sultani wa sasa, Haidari, alikuwa mnene, mpenda pilau na mvivu wa kupigiwa mfano, ikawa siku ya msaragambo hupeleka mwavuli wake umwakilishe. Mwavuli huo wa hariri ulisimikwa kando ya kisima, na watu waliamriwa kuusalimu. Waliusalimu majuma mawili. Juma la tatu Kadhi akapeleka kilemba chake. Juma la nne wakubwa wakapeleka bakora zao, na wadogo wakapeleka makubadhi. Ikawa Jumamosi ukipita kisimani utakuta umati mkubwa wa kofia, fimbo na viatu, vimepangwa kwa adabu, na hakuna hata kimoja kinachochimba. Hivyo daraja likaanguka, kuta za kisima zikabomoka, na paa la soko likaenda na upepo, na kila mtu akaapa kwamba yeye hakukosa msaragambo hata siku moja.

Siku ya Idi, Sultani Haidari alikuwa barazani na wageni wake. Baada ya sahani ya tatu ya pilau akajitupa juu ya kiti cha enzi, kiti cha mpingo chenye miguu myembamba alichokirithi kwa babu yake. Pakasikika mlio, mguu mmoja ukachomoka, na Sultani akabingirika mpaka mlangoni. Wageni wote wakainua macho kutazama dari. Waziri akaona aokoe jahazi, akasema kwa sauti kuu, "Leo Maulana amependa kukaa chini na watu wake!" Mara wageni nao wakajitupa chini, wengine wakabingirika kidogo ili wasionekane wana kiburi.

Wakaitwa maseremala. Wa kwanza akasema kiti kiongezwe mguu wa tano. Wa pili akasema kifungwe vyuma. Sultani akawafukuza wote wawili, kisha akaagiza aitwe Shomari Kiraka.

"Sikiliza, fundi," akasema Sultani. "Babu yangu alikikalia kiti hiki miaka arobaini, nacho hakikulia hata kwi. Nataka ukiunge. Lakini usikiongeze msumari, wala ubao, wala kamba, na usikipunguze hata unyuzi. Kiwe kilekile cha babu yangu, nami nikikalia kisivunjike. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Maulana. Na nikishindwa?"

"Nyumba yako itabomolewa, nguzo zake zipelekwe jikoni kwangu ziwe kuni, na wewe na mkeo mhame mji."

Shomari aliomba siku arobaini, akapewa, akajitwika kiti akaenda nacho nyumbani. Mwatime akaisikia hukumu ile. Aliingia ndani, akaishika nguzo ya katikati ya nyumba kwa mikono miwili, akalia. Na Shomari alipomwona analia vile, aliona haya kwa ajili ya kila kesho aliyowahi kumwahidi.

Basi akakaa kukichunguza kiti. Akakigeuza, akakigonga, akakinusa. Hakikuwa na ufa wowote. Kigingi kidogo cha mguu kilikuwa kimetoka tu kwenye tundu lake. Shomari akakirudisha, akakigonga kwa kisigino cha mkono, akakaa. Kiti kimya. Akampakata Mwatime. Kiti kimya.

"Mke wangu," akasema, "kiti hiki ni kizima. Kinachotaka kutengenezwa ni—"

"Nyamaza!" Mwatime akamziba mdomo. "Unataka tuhame mji bila vichwa?"

Shomari akanyamaza, lakini alipokwisha kunyamaza alikuwa ameshajua la kufanya.

Asubuhi yake akaenda barazani na kifuu cha nazi mkononi. Akasujudu, akasema, "Maulana, Mungu akuweke. Kiti kitapona, ila nahitaji gundi, na gundi ya kiti cha enzi huchanganywa na jasho. Naomba kila siku kifuu kimoja cha jasho lako, kwa muda wa siku arobaini."

Barazani wakaguna. Sultani akasema, "Kwa nini langu? Wewe huna jasho?"

"Ninalo tele, Maulana. Lakini nikitia langu, kiti kitanijua mimi kuwa ndiye mwenyewe, na hapo itanibidi nikikalie."

"La, la!" akapiga kelele Sultani, akakinyakua kifuu. "Litatumika langu!"

Siku ile ya kwanza Sultani akaketi kitako, akala pilipili kumi na saba. Jasho likamtiririka, Waziri akalikinga, Shomari akaletewa. Akanusa, akatikisa kichwa.

"Hili ni jasho la pilipili, Maulana. Nikilitia kwenye gundi utakuwa umekaa juu ya jiko."

Siku ya pili Sultani akalala chini ya mablanketi matano saa sita ya mchana. Shomari akanusa.

"Hili ni jasho la blanketi. Kiti kitapatwa na usingizi, kilale, nawe ukiwa juu yake."

"Basi wataka jasho gani, ewe mwana wa balaa?"

"Gundi ni ya kuunga, Maulana. Hutaka jasho la mtu anayeunga."

"Niunge nini mimi?"

Shomari akatazama dirishani, ambako daraja la mji lilikuwa limelala mtoni mwaka wa tatu huo. Sultani naye akatazama. Waziri akatazama pia, kisha akataka kupeleka mwavuli, lakini Shomari akasema kwa upole kwamba mwavuli hautoki jasho, yeye ameshajaribu kuukamua.

Ikawa Sultani Haidari akateremka mtoni, akafunga shuka kiunoni, akanyanyua jiwe la kwanza. Alilibeba hatua nne akaliangusha, akamlaani Shomari na ukoo wake wote. Alilinyanyua tena. Jua lilipofika utosini alikuwa hoi, lakini kifuu kilijaa, na Shomari aliponusa akafumba macho kwa raha, akasema, "Naam! Hili ndilo."

Habari zikaenea kama moshi wa kuni mbichi. Watu wa Kimbwera wakaja kwanza kutazama, maana Sultani akibeba mawe si jambo la kuhadithiwa. Wakatazama siku moja, wakatazama siku ya pili, na siku ya tatu wakaanza kuona haya. Kadhi akaenda kisimani kimyakimya, akachukua kilemba chake, akakivaa, akashika jembe. Wengine wakafuata kuzikusanya kofia, fimbo na makubadhi yao, na ukatokea ugomvi mkubwa kidogo kwa sababu baadhi ya makubadhi yalikuwa yameshabadilishana wenyewe. Walipokwisha kuvaa wakakosa kisingizio, wakafanya kazi.

Daraja likasimama, wakahamia kisimani, kisha sokoni. Sultani alikuwa akiletewa sinia la pilau kila mchana, lakini sinia likipita katikati ya watu wenye njaa lilimfikia yeye likiwa na karafuu mbili na jani la mdalasini. Basi akajifunza kula mihogo ya kuchemsha pamoja na wenzake, na wala haikumwua. Juma la tatu mshipi wake ulianza kumteleza. Juma la tano fundi cherehani aliipunguza kanzu yake mara mbili, na Sultani akamgombeza kuwa ameharibu kanzu. Na kila jioni Shomari alipokea kifuu chake, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya arobaini baraza likajaa. Shomari akaleta kiti kimefunikwa kaniki. Mwatime alisimama nyuma kabisa, mlangoni, na mkeka wake umekunjwa kwapani na chungu kichwani, tayari kwa safari, maana aliwajua wafalme na alimjua mumewe. Macho yake yalikuwa juu ya kiti kile.

Sultani akakisogelea kiti. Akakaa taratibu, nusu nusu. Kiti kikanyamaza. Akajiachia uzito wote. Kiti kikanyamaza. Akainuka, akajitupa kama alivyojitupa siku ile ya Idi, na kiti hakikulia hata kwi.

Watu wakapiga vigelegele. Lakini Sultani akainua mkono, akaagiza maseremala wale wawili wakikague, asije akawa amedanganywa. Wakakipindua. Hawakuona msumari, wala ubao mpya, wala kamba.

"Gundi je?" akauliza Sultani.

Maseremala wakatazamana. "Maulana, hamna gundi."

Sultani akamgeukia Shomari. "Fundi, ulisema wataka jasho langu la gundi. Vifuu vile vyote vimekwenda wapi?"

Shomari angeweza kudanganya, na ulimi wake ulishaanza kujiandaa, lakini alichoka kwa siku arobaini za kunusa. Akasema, "Nimevimwaga nyuma ya banda la kuku, Maulana."

"Jasho langu?"

"Lote. Maulana uliniamuru nisikiongeze kiti kitu, nami sikukiongeza. Ukaniamuru nisikipunguze kitu, nami sikukipunguza. Kiti hakikuwa na ugonjwa. Ila hukuniambia kwamba nisimpunguze anayekikalia."

Waziri akajifunika uso kwa kilemba. Mlangoni chungu cha Mwatime kilitikisika. Sultani akainamisha kichwa, akatazama mahali tumbo lake lilipokuwa likikaa zamani, akaona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, vidole vya miguu yake. Akavichezesha. Kisha akatazama dirishani, daraja limesimama na watu wanapita. Hapo akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi, akijipigapiga mapaja na kuyumba huku na huku juu ya kiti cha babu yake, na kiti kimya.

"Shomari Kiraka," akasema alipopata pumzi, "umenifanya punda, na nimekuwa punda mwenye afya. Omba utakacho."

Shomari alifungua kinywa ili aombe kanzu mpya. Lakini sauti ikatoka mlangoni.

"Paa, Maulana!" akasema Mwatime. "Aombe paa. Na asipewe hela, atasema kesho."

Basi asubuhi iliyofuata, Shomari akiwa bado anajinyoosha, akasikia hodi. Alipofungua alimkuta Sultani Haidari amefunga shuka kiunoni, na mzigo wa makuti begani, na nyuma yake nusu ya mji. Mwatime akawakaribisha kwa uji. Shomari naye akajiandaa kuketi awapigie porojo wakati wao wakifanya kazi, lakini Sultani akamkabidhi kifuu kikavu cha nazi.

"Juu, fundi," akasema. "Leo zamu yako."

Shomari akapanda. Akaezeka tangu jua linachomoza mpaka linapinda, na Sultani akimrushia makuti kutoka chini, kisha fundi akakiteremsha kifuu kwa kamba, kimejaa. Sultani akakipokea, akakinusa kwa makini sana, akatikisa kichwa.

"Hili ni jasho la jua tu, Shomari," akasema. "Bado upande wa jikoni."

Na jioni, upande wa jikoni ulipokwisha na mvua ikaanza kunyesha, Mwatime, aliyekuwa anakoroga uji chini ya paa jipya, akalivua sinia kichwani, akaliweka mezani ambako masinia hukaa. Aliyenisimulia mimi alikunywa uji ule siku ile, na akaniapia kwamba haukuingiwa hata na tone la mvua.