Kasuku Aliyefuata Maneno ya Mwaka Jana

Paukwa, enyi mliosogea karibu na moto! Pakawa, mmeitika vizuri, hata aliyesinzia kaitika.

Hebu pigeni picha: mti mmoja mrefu msituni, kila tawi limejaa kasuku waliokuja kulala. Hapo zamani za kale, ndege hao walipotuzidi watu kwa maneno (mimi wananizidi mpaka leo), aliishi humo kasuku Kapama. Mkewe, Nyangeta, alikaa katika tundu la mti na kinda lao, dhaifu, likingoja kulishwa na baba.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Kapama hakujali. Alfajiri aliwaambia wenzake, "Nifuateni, njia naijua." Akawapeleka kando ya mto, walikokula makuyu mwaka jana. Wakayakuta mabichi, magumu kama kokoto.

"Nifuateni, njia naijua," akasema tena, akawapeleka kwenye mizambarau. Wakakuta maua, na nyuki wenye hasira.

Kesho yake akasema, "Nifuateni, njia naijua." Wakamfuata wawili tu, tena kwa kutaka kumcheka.

Jioni alirudi mdomo mtupu. Kinda halikuwa na nguvu hata ya kulia. Nyangeta akauliza taratibu, "Mume wangu, umetuletea nini?"

"Habari za mwaka jana," akajibu Kapama. "Ninazo tele. Zingekuwa zinaliwa, mtoto wetu angeshindwa kuruka kwa unene."

Nyangeta hakucheka. Akamwomba kesho afumbe mdomo, afumbue macho.

Asubuhi Kapama akanyamaza. Wenzake wakadhani anaumwa. Katika kunyamaza huko akaona mdomo wa jirani yake, Bi Sikuzani, umepakaa rangi ya mawese. Akamwuliza kwa adabu, naye akamwambia kwamba michikichi ya bondeni imeiva; juzi alitaka kumweleza, ila hakupata upenyo wa kuingiza neno.

Wakaruka pamoja. Kapama akajaza koo, akarudi mbio. Kinda likapewa tonge la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, likapiga kelele hata mti mzima ukatikisika.

"Maskini," akasema Kapama, "amenirithi."

Ndipo Nyangeta akacheka.

Hadithi yangu imetua hapo, wanangu. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: tunda haliivi kwa mvua ya mwaka jana.